Nyigu vimelea katika shamba la michungwa: jibu kwa mkulima wa Muheza

Mkulima wa Muheza, ambaye shamba lake liko kwenye miteremko ya kupandia Amani, ameeleza kwamba majani machanga ya michungwa yake yana vipele kwa juu na vishimo kwa chini, kwamba majani yaliyokomaa yamefunikwa na masizi meusi, na kwamba amepuliza dawa kila baada ya wiki chache bila kupata nafuu inayodumu. Amesikia kuwa wapo nyigu wadogo wanaoua wadudu wa michungwa. Anauliza wanauzwa wapi, aweke wangapi kwa kila mti, kama wanauma watu au kuwadhuru nyuki wake, na kama anaweza kuendelea na dawa yake huku nyigu wakifanya kazi.

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Usitafute nyigu wa kununua kabla hujajua ni nyigu gani tayari wamo shambani mwako. Dalili ulizozieleza ni za wadudu ambao katika ukanda wetu wana nyigu wao wa asili, na ratiba ya dawa uliyoitaja inatosha kabisa kuwafanya nyigu hao wasiongezeke. Kazi yako ya kwanza ni kuacha kuwaua. Kuongeza wengine ni hatua ya baadaye, na kwa sehemu kubwa si hatua ya mkulima mmoja.

Nyigu tunaowazungumzia si wale wanaotengeneza viota vya udongo ukutani, wala wale wanaojenga masega chini ya paa. Wengi wao wana urefu wa milimita moja hivi, na wengine hawafikii hapo, kiasi kwamba mtu anaweza kulima michungwa maisha yake yote asimtambue hata mmoja. Hawaishi kwa makundi na hawana kiota cha kulinda. Mrija wa jike, ambao kwa nyigu wakubwa umekuwa mwiba, kwao ni chombo cha kutagia mayai. Kwa hiyo hawaumi watu, na nyuki wako hawahusiki nao kwa namna yoyote, kwa kuwa kila jamii ya nyigu hawa imejifunga kwa mwenyeji mmoja, yaani mdudu ambaye nyigu humtagia mayai, au kwa wachache wanaofanana sana.

Kujifunga huko ndiko kunakolifanya swali lako la "wangapi kwa kila mti" lisiwe na jibu moja. Hakuna nyigu mmoja wa michungwa. Yupo nyigu wa mdudu arukaye anayetoboa vishimo kwenye majani, wapo wa inzi weupe, wapo wa wadudu gamba, wapo wa vidukari, na mmoja hawezi kufanya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo ni lazima kwanza umtambue mdudu.

Vipele vyenye kishimo upande wa chini wa jani ni alama ya Trioza erytreae, mdudu mdogo mwenye mabawa maangavu ambaye asili yake ni Afrika. Jike hutaga mayai ya rangi ya manjano kwenye kingo za majani machanga kabisa, na tunutu wake, yaani wadudu wachanga, wakianguliwa hutulia mahali pamoja wakifyonza, jani nalo likadidimia chini yao. Mdudu huyu hupenda baridi na unyevu, na joto kali lenye ukavu huua mayai na tunutu wake wadogo. Ndiyo maana anasumbua zaidi kwenye miinuko kama ya kwenu kuliko kule chini kuelekea Pangani. Ukimkuta mdudu mwingine mwenye mabawa yenye madoa ya kahawia, anayekaa akiinua sehemu ya nyuma juu kama anayesimama kwa kichwa, ilhali tunutu wake hawana vishimo bali wanatoa nyuzi nyeupe za nta, huyo ni Diaphorina citri kutoka Asia, ambaye taarifa za kitaalamu za mwaka 2016 zilithibitisha kuwa ameshaingia Tanzania. Huyu anavumilia joto. Ukimwona, mjulishe afisa ugani wako bila kusubiri.

Masizi meusi yana chanzo kingine. Ni ukungu unaoota juu ya kinyesi chenye sukari cha inzi weupe, vidukari na wadudu gamba wale laini. Ukungu wenyewe haufyonzi jani, lakini hulizuia lisipate mwanga, na hauondoki kwa dawa ya ukungu ikiwa wadudu walio juu yake wameachwa.

Sasa nieleze jinsi nyigu anavyofanya kazi, kwa sababu ukishaielewa kazi yake utaelewa pia ni nini kinachoiharibu. Nyigu anayemwinda Trioza anaitwa Tamarixia dryi, na yeye pia ni wa Afrika. Jike humtafuta tunutu ndani ya kile kishimo, akataga yai chini ya tumbo lake. Kiluwiluwi akianguliwa hujishikiza hapo hapo nje ya mwili wa mwenyeji wake na kumfyonza mpaka amalizike, na mwisho tunutu hubaki ganda gumu la kahawia lililogandamana na jani. Ndani ya ganda hilo nyigu mpya hukomaa, kisha hutoka kwa kutoboa tundu la duara mgongoni. Katika hali ya hewa ya wastani mzunguko huo huchukua kama wiki mbili, wakati Trioza mwenyewe huhitaji muda mrefu zaidi kutoka yai hadi utu uzima, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha nyigu kumfikia na kumpita. Majike wa jamaa hii ya nyigu pia huua tunutu wengine bila kutaga, kwa kuwadunga na kunywa maji ya miili yao.

Nyigu wa inzi weupe, wa jenasi za Encarsia na Eretmocerus, hukua ndani au chini ya tunutu wa inzi weupe. Wale wa jenasi ya Aphytis huingiza mrija chini ya gamba na kutaga juu ya mwili wa mdudu gamba aliyejificha humo. Wa vidukari hutaga ndani kabisa ya mwili wa kidukari, naye huvimba na kubadilika rangi akawa kama punje ya mtama iliyokauka juu ya jani.

Tofauti hizi zinakupa njia ya kupima shamba lako bila kifaa chochote zaidi ya kioo cha kukuzia, ambacho bei yake ni ndogo kuliko chupa moja ya dawa. Geuza majani na uangalie maganda matupu. Inzi mweupe aliyekua salama hutoka kwa kupasua ganda lake kwa mpasuko wenye umbo la herufi T, lakini nyigu akitoka huacha tundu la duara lenye kingo safi. Kwa wadudu gamba, tundu la duara katikati ya gamba lina maana hiyo hiyo. Kwa Trioza, tafuta yale maganda ya kahawia yaliyokauka ndani ya vishimo. Ukitaka uhakika zaidi, kata majani yenye tunutu, weka karatasi kavu ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia majani hayo, funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi, na uiweke kivulini kwa wiki mbili hadi tatu. Wakitokea wadudu weusi au wa manjano wadogo mno wanaotembea juu ya kitambaa, umewaona nyigu wako. Fanya kipimo hicho humo humo shambani au nyumbani kwako, na usisafirishe majani ya michungwa kwenda wilaya nyingine, kwa sababu wadudu na magonjwa husafiri nayo.

Pengine umesikia habari za nyigu kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, na kisa hicho kinastahili kuelezwa vizuri. Kisiwani Réunion wadudu wote wawili, Trioza wa Afrika na Diaphorina wa Asia, walikuwa wakieneza ugonjwa wa ukijani wa michungwa, ule unaodumaza mti na kuacha matunda madogo yaliyopinda yasiyoiva vizuri. Katika miaka ya 1970 watafiti walileta Tamarixia dryi kutoka Afrika Kusini na ndugu yake, Tamarixia radiata, kutoka India, wakawazalisha na kuwaachia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Trioza hakuonekana tena kisiwani, na Diaphorina alibaki kwa uchache mkubwa. Lakini tazama ni nini kilichowezesha matokeo hayo. Kwao Afrika Kusini, Tamarixia dryi ana maadui zake, nyigu wengine wanaotaga ndani ya nyigu, na hao ndio wanaompunguza nguvu. Watafiti waliwachuja karantini kwa uangalifu, akaingia kisiwani nyigu mwindaji peke yake. Tena Réunion palikuwa na mdudu mwingine wa jamaa ya Trioza, anayeishi kwenye mti usio mchungwa, ambaye nyigu aliweza kumtumia kila Trioza walipoadimika, hivyo hakufa njaa. Na watu wa Réunion hawakutegemea nyigu tu, kwani walipanda pia miche safi na kung'oa miti iliyougua.

Jaribio la namna hiyo lilirudiwa visiwa vya Kanari mwaka 2018 na Ureno mwaka 2019, kwa Tamarixia dryi yule yule kutoka Afrika Kusini, baada ya Trioza kuvuka kwenda Ulaya. Kanari nyigu alienea kwa kasi na idadi ya Trioza ikashuka. Sisi hali yetu ni tofauti na hao wote: mdudu ni wetu, nyigu ni wetu, na maadui wa nyigu ni wetu pia. Kwa hiyo nisingekuahidi Trioza kutoweka Muheza kama alivyotoweka Réunion. Unachoweza kukitarajia kwa haki ni nyigu kumweka chini kiasi cha kukuondolea haja ya kupuliza kila mara, na kwa mkulima hilo si jambo dogo.

Nikija kwenye dawa, nitasema wazi kwa sababu hapa ndipo hasara inapotokea. Viuatilifu vinavyoua wadudu wa kila aina, hasa vile vya jamii ya pairethroidi kama lambda-sihalothrini na sipamethrini, na vya jamii ya oganofosfeti kama dimethoeti na klopirifosi, huua nyigu kwa kuguswa tu na mabaki yaliyokauka juu ya jani, na mabaki hayo yanaweza kudumu kwa wiki kadhaa. Mdudu gamba aliye chini ya gamba lake, au yai la inzi mweupe, huvuka salama; nyigu anayetembea juu ya jani akitafuta pa kutaga havuki. Katika miaka ya 1940 na baada yake, mtafiti Paul DeBach wa California alilithibitisha jambo hili kwa makusudi: alipuliza DDT kwenye baadhi ya miti ya michungwa na kuiacha mingine, na ile iliyopulizwa ndiyo iliyojaa wadudu gamba wekundu, kwa sababu nyigu wake walikuwa wameuawa. Ukiona wadudu wanarudi wengi zaidi kila baada ya kupuliza, usikimbilie kusema dawa ni bandia. Huenda dawa ni halali na imefanya kazi yake yote, ikiwamo ile usiyoitaka.

Hivyo siwezi kukuambia uendelee na dawa hiyo. Pale inapolazimu, tumia mafuta ya madini yaliyosajiliwa kwa kunyunyizia mimea, au sabuni maalumu ya mimea, au mwarobaini. Vitu hivi vikimgusa nyigu moja kwa moja vitamdhuru, lakini vikishakauka havimsubiri anayekuja kesho. Nyunyizia jioni, usinyunyizie mafuta kwenye jua kali wala kwenye miti yenye kiu, na usinyunyizie shamba zima kwa siku moja: chukua mistari yenye shida na uache mingine iwe kimbilio la nyigu. Kama una mikorosho jirani na unatumia salfa ya unga, jitahidi isipeperuke kwenye michungwa, kwani salfa huwadhuru nyigu wa jenasi ya Aphytis. Vumbi la barabara nalo lina madhara kama hayo. Mistari iliyo kando ya njia ya magari mara nyingi huwa na wadudu gamba wengi kuliko ya ndani, kwa sababu vumbi humzuia nyigu kutembea na kutaga, na kupanda ua wa miti upande huo ni msaada wa kweli.

Jambo ambalo wakulima wengi hawalipi uzito ni sisimizi. Sisimizi hula ile sukari inayotolewa na vidukari, inzi weupe na wadudu gamba laini, na kwa ajili yake hukaa juu yao na kuwafukuza nyigu kabla hawajataga. California, walipoachia Tamarixia radiata kutoka Punjab ya Pakistani mwaka 2011 ili kumpunguza Diaphorina, sisimizi walikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa vilivyoonekana, na kuwadhibiti kuliwapa nyigu nafasi. Kwa hiyo kata matawi yanayogusa ardhi, ondoa magugu yanayoegemea shina, kisha zungushia shina mkanda wa nailoni au kitambaa na upake grisi juu ya mkanda, kamwe si juu ya gome lenyewe. Safisha mkanda kila vumbi na majani vinaponatana juu yake, maana hapo sisimizi hupata daraja.

Utaniuliza kuhusu maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Hao ni wawindaji hodari, na Uchina walitumia ndugu zao kulinda michungwa tangu zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kwenye minazi yetu ya pwani wanazuia mdudu anayefyonza madafu machanga. Ushauri wangu ni kwamba ikiwa michungwa yako imechanganyika na minazi au mikorosho, waache waishi huko, na uwazuie kwa mkanda kupanda kwenye michungwa ile tu ambayo wadudu gamba na masizi vimeizidi.

Nyigu aliyekomaa pia anahitaji chakula, na chakula chake ni maji matamu ya maua madogo yaliyo wazi. Acha mistari michache katikati ya shamba ichanue giligilani au bizari badala ya kuipalilia yote hadi udongo uwe mtupu. Nyigu mwenye chakula huishi siku nyingi zaidi na kutaga zaidi kuliko asiyekuwa nacho.

Kuhusu kununua, ni kweli kwamba nyigu huuzwa. Aphytis melinus, aliyeletwa California kutoka India na Pakistani mwaka 1956 na 1957, huzalishwa kibiashara huko na kuachiwa kwa makumi ya maelfu kwa ekari kwa mwaka, akilenga hasa wadudu gamba wekundu. Huyo hatakusaidia kwa Trioza wala kwa masizi yako. Na kuingiza kiumbe hai wa aina hiyo nchini bila kibali ni kosa, kwani chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 suala hilo liko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kama lilivyo kwa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea nchini Kenya. Utaratibu huo una sababu nzito. Mzigo wa nyigu ambao haukuchujwa unaweza kuleta maadui wa nyigu, au mdudu mwenyewe akiwa na ugonjwa ndani yake. Kazi ya kuchagua, kuchuja na kuachia ikifanywa na taasisi kwa nchi nzima, faida yake humfikia kila mkulima bure, kama ilivyokuwa kwa muhogo: nyigu Anagyrus lopezi kutoka Paraguai aliachiwa Nigeria mwaka 1981, akaenezwa Afrika, akakizuia kidung'ata cha muhogo, mdudu mdogo mweupe anayefyonza mmea huo, na mwaka 1995 Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Wakulima wengi walionufaika hawakununua hata nyigu mmoja.

Jambo la mwisho ni mipaka ya nyigu, nami naliona ni la lazima kwa shamba la miinuko. Trioza hubeba bakteria wa ugonjwa wa ukijani, na nyigu hawezi kuuponya mti ulioambukizwa. Marekani waliachia Tamarixia radiata jimboni Florida kuanzia mwaka 1999, na bado ugonjwa ulipatikana huko mwaka 2005 na kuenea. Kagua kila mti: ukiona tawi moja lina majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa mkuu, pamoja na matunda yaliyopinda yanayobaki kijani upande wa kitako, mwite afisa ugani athibitishe, na ikithibitika ung'oe mti huo. Upungufu wa zinki nao huleta njano, ila njano yake hulingana pande zote mbili. Usikate vikonyo vya kubebesha kutoka kwenye mti unaoutilia shaka, wala usinunue miche ambayo muuzaji hawezi kueleza vikonyo vyake vilitoka wapi.

Machipukizi yatakayotoka baada ya mvua za vuli ndiyo yatakayokupa picha ya kwanza. Weka alama kwenye miti ishirini iliyotawanyika shambani, na kila wiki hesabu katika kila mti machipukizi matano: yangapi yana tunutu hai na yangapi yana maganda yenye tundu la duara. Iwapo matundu yanaongezeka wiki hadi wiki, usipulize chochote hata kama tunutu bado wanaonekana. Iwapo tunutu wanaongezeka na matundu hayapo kabisa baada ya wiki nne, nyunyizia mafuta kwenye mistari iliyoathirika, kagua mikanda ya sisimizi, na upeleke hesabu zako kwa afisa ugani, kwani taarifa za namna hiyo kutoka kwa wakulima ndizo zinazoionyesha Mamlaka mahali ambapo nyigu wa asili wamepungua.